Vumbi la Mgodi Lisilale Nyumbani Mwetu

Ndugu msomaji, fanya jaribio dogo kesho. Asubuhi pangusa meza yako kwa kitambaa chenye maji mpaka iwe safi kabisa. Jioni pitisha kidole juu yake. Kama unakaa Kolwezi, Likasi, Kambove, Kipushi, Fungurume, ao kando ya barabara ya makamyoni kule Lubumbashi, unajua tayari utaona nini. Hasa wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, mvua ikiisha kukatika na upepo wa mwezi wa nane ukiinua udongo mwekundu mpaka juu ya mabati.

Tumezoea. Tunasema, "Ni vumbi tu, itatufanya nini?" Mama anafagia, vumbi linaruka, linashuka tena, na kesho anafagia lile lile. Wababa wengi wanafikiri ni mambo ya usafi, yaani kazi ya wamama na wabinti. Lakini katika nchi hii ya shaba na kobalti vumbi si jambo la usafi peke yake. Ni jambo la afya ya watoto wetu. Na tutaona kwamba mara nyingi baba ndiye anayelileta nyumbani, bila kujua, katika nguo zake.

VUMBI LETU LIMEBEBA NINI?

Mu kijiji kilicho mbali na migodi, vumbi ni udongo, majivu ya kuni, na nyuzi za nguo. Letu lina vitu hivyo vyote, na juu yake lina chembe za madini: shaba, kobalti, zenki, risasi (ile tunayoita plombe), na mara nyingine aseniki ao uraniamu. Kazi hii si ya jana. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka wa 1911. Moshi wa miaka zaidi ya mia moja umeshuka juu ya udongo, na udongo ule ule ndio unaoruka leo wakati kamyoni inapita.

Je, vumbi hilo linaingia kweli katika miili yetu? Wenye elimu wamepima. Watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, huko Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wa Katanga ya kusini, na mwaka wa 2009 wakatoa matokeo. Watu waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka mgodi ao kiwanda walikuwa na madini mengi mwilini kuliko wale wa mbali. Juu ya kobalti waliandika kwamba hawajaona mahali popote duniani ambapo watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwanda, walipimwa na kiasi kikubwa namna ile.

Kisha kulikuja mambo ya Kasulo, kule Kolwezi. Mwaka wa 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu. Muda mfupi baadaye mashimo yalichimbwa ndani ya lupango, hata ndani ya vyumba. Watafiti wale wakaenda kupima tena, na mwaka wa 2018 wakaeleza waliyoyaona: watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mu mkojo karibu mara 10 kupita watoto wa mtaa usio na mgodi. Watoto hawa hawakuingia wote mu shimo. Wengi walicheza tu, walikula tu, na kulala nyumbani. Vumbi la nyumba zao lilipopimwa, lilikuwa limejaa madini.

Tuwatazame pia majirani wetu wa Kabwe, nchini Zambia, ambako wengi wetu wanapita wakienda Lusaka. Mgodi wa risasi na zenki ulifanya kazi pale toka mwaka wa 1902 mpaka 1994. Mgodi ulifungwa, vumbi likabaki. Miaka zaidi ya 30 imepita, na udongo wa mitaa iliyo karibu ungali na risasi nyingi, na risasi hiyo inapatikana katika damu ya watoto waliozaliwa mgodi ukiisha kufungwa. Basi tusiseme, "Kampuni ikienda, itakwisha."

KWA NINI MTOTO ANAUMIA KUPITA MTU MKUBWA?

Unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi. Mikroni ni milimeta moja iliyogawanywa mara elfu. Chembe za vumbi zinazoingia ndani ya mapafu ni chini ya mikroni 10, na zile ndogo zaidi zinafika kabisa mwisho wa mapafu. Macho hayazioni, isipokuwa wakati mwanga wa jua unapopita kwenye tundu la dirisha. Lile vumbi nene linalotufanya tukohoe linasimama puani na kooni, na tunalitema. Lile jembamba linabaki hewani saa nyingi, na tunalivuta tukiwa tumelala.

Mtoto mdogo anatambaa chini, mahali vumbi linapolala. Kila kitu anachoshika anakitia kinywani: mkono wake, kijiko kilichoanguka, kiatu cha baba. Tena mwili wake unapokea vitu hivi kwa upesi. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linasema kwamba risasi ikiingia tumboni, mwili wa mtoto mdogo unaipokea mara 4 ao 5 kupita mwili wa mtu mkubwa. Na hakuna kiasi cha risasi mu damu kinachojulikana kwamba hakina hatari. Risasi inaharibu ubongo polepole, bila homa, bila kilio. Mtoto anakuwa mzito wa kusoma, anasahau, anakasirika bure. Mwalimu anamwita mvivu, mzazi anampiga, na hakuna anayefikiri juu ya sakafu alikotambaa.

Wakubwa nao hawapone. Kobalti nyingi inaweza kuumiza mapafu na moyo. Vumbi la mawe, lile lenye silika, linaleta silikosi kwa wale wanaotoboa na kuponda mawe. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, na unafungulia kifua kikuu mlango.

NI NANI MULOZI?

Hapa niseme neno moja wazi, kwa sababu linapasua nyumba za waamini pia. Mtoto akizaliwa na kilema, ao akikawia kusema na kutembea, watu wanaanza kunong'ona. Wengine wanasema mama amefanya zambi. Wengine wanamtafuta mulozi katika jamaa, na mara nyingi wanamkuta bibi mzee asiye na mtu wa kumtetea, ao mtoto yatima.

Mwaka wa 2020 watafiti wale wa Lubumbashi na Leuven walitangaza uchunguzi juu ya watoto waliozaliwa na vilema Lubumbashi. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Hii haimaanishi kwamba kila baba wa mgodi atazaa mtoto mwenye kilema. Wengi sana wanazaa watoto wazima. Tena haimaanishi kwamba kila kilema kinatoka mgodini. Lakini inatosha kutufunga kinywa. Mbele ya kumshitaki bibi mzee, tazama nguo zilizotundikwa juu ya kitanda.

MILANGO MITATU

Vumbi la madini linaingia nyumbani kwa milango mitatu kupita ule wa upepo: nguo, gunia, na ufagio. Upepo hatuwezi kuuzuia wote. Milango hii mitatu funguo zake ziko mkononi mwetu.

1. Nguo za kazi. Baba, ao kijana unayechimba kwa mkono, unaporudi usiingie na nguo zile mpaka chumbani. Kama kazini kuna mahali pa kuoga na kubadili, oga kule kule. Kama hapana, tengeneza pembe nyuma ya nyumba: mabati mawili ao pazia la gunia safi, ndoo ya maji, sabuni, na nguo za nyumbani zikingoja. Vua viatu, vua nguo, nawa kichwa na mikono, kisha ndipo ubebe mtoto. Najua namna mambo yanavyoenda siku ya kwanza.

"Mama, mambo gani sasa? Miye mwenye nyumba, unanisimamisha ku mulango?"

"Papa, haiko weye njo nafukuza. Ni vumbi ya nguo yako."

Jibu zuri! Mume mwenye busara hatakasirika. Mtu anayekataa kumshika mtoto wake kwa dakika kumi ili ampe afya ya miaka kumi, huyo anampenda kweli.

Nguo zile zisikung'utwe kavu. Zitie kwanza katika maji, zisuuze, kisha zifule kwa sabuni, peke yake, mbali na nguo za watoto. Beseni la kazi hiyo liwe lake. Lisiwe lile la kuoshea mtoto ao sombe. Mama mwenye mimba asifanye kazi hii kama kuna mwingine wa kuifanya. Na maji yake machafu yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima na bustani.

2. Gunia la madini. Nyumba nyingi zinalaza magunia ya mawe ndani, chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi. Ninaelewa: gunia lile ni chakula, ni masomo ya watoto. Lakini kila mara linaposogezwa linatoa vumbi, na mawe mengine ya nchi yetu yana uraniamu pia. Tukumbuke kwamba Shinkolobwe iko karibu na Likasi. Basi gunia lisilale chumba kimoja na mtu. Kama hakuna njia nyingine, liweke katika kibanda cha peke yake chenye kufuli, limefunikwa. Kuponda na kuchekecha mawe kusifanywe ndani ya lupango ambamo watoto wanacheza. Gunia likiisha kutumika lisigeuke gunia la unga wa bukari, wala la makala, wala mukeka wa kukalia.

3. Ufagio mkavu. Hapa wamama watashangaa, kwa sababu ufagio ndio silaha yetu. Lakini ufagio mkavu hautoi vumbi, unaliamsha. Linaruka, linapita katika pua za wote, kisha linarudi juu ya sahani. Nyunyiza maji kidogo kwanza, ngoja dakika chache, ndipo ufagie polepole. Kwenye sakafu ya simenti ni vizuri zaidi kupangusa kwa kitambaa kilicholowa.

NAMNA YA KUPANGUSA KWA MAJI KIDOGO

Utasema: "Pasta, maji yenyewe tunachota mbali." Ni kweli. Lakini kazi hii haiombi mafuriko. Kwa vyumba viwili, ndoo mbili ndogo zinatosha. Ya kwanza ina maji na sabuni kidogo, ya pili ina maji matupu. Chovya kitambaa mu ndoo ya sabuni, kamua, pangusa. Kisha kisuuze mu ile ya pili mbele ya kukirudisha. Kwa njia hiyo uchafu unabaki katika ndoo ya pili, haurudi sakafuni.

Anza juu, maliza chini: kwanza madirisha, meza, na kabati, mwisho sakafu. Anza chumba cha ndani, tokea mlangoni. Watoto wawe nje wakati huo. Kama huna nguvu ya kufanya nyumba nzima kila siku, fanya mahali watoto wanapolala na kula. Mashuka na rido zifulwe mara kwa mara. Matandiko yatolewe inje, yakung'utiwe mbali na mlango, siku ambayo upepo haupigi. Viatu vya wote vibaki mlangoni, juu ya ubao ao gunia safi lililolowa. Hii peke yake inapunguza mengi.

Nyumba ya udongo je? Sakafu ya udongo inaweza kulainishwa na kupigwa mpaka iwe ngumu, na kunyunyizwa kila siku. Chini ya mtoto tandika mukeka unaoweza kuoshwa. Nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati, upande wa barabara, izibwe kwa udongo ao simenti. Lakini angalia: nyumba ambamo mbabula inawaka isizibwe kabisa. Moshi wa makala unaua watu usingizini. Mbabula ikae inje, ao mahali penye hewa nyingi, na isilale chumbani hata kama baridi ya mwezi wa sita inauma.

MIKONO NA SAHANI

Vumbi lile linaloliwa ni baya sawa na lile linalovutwa, na kwa watoto mara nyingi linapita. Kwa hiyo mtoto anawe mikono kwa sabuni mbele ya kila chakula na mbele ya kulala, na kucha zake zikatwe. Maji ya kunywa yawe na kifuniko. Sahani zigeuzwe kichwa chini, zifunikwe kwa kitambaa. Unga, kapenta, na mihogo isianikwe kando ya barabara ya makamyoni. Mboga zioshwe vizuri kwa maji safi, hasa sombe na lengalenga za bustani iliyo karibu na kiwanda.

Tena, mtoto aliyeshiba anajikinga. Tumbo tupu linapokea risasi nyingi zaidi, na mwili uliokosa chuma na kalisi unaichukua risasi kwa upesi. Basi asubuhi mpe mtoto kitu mbele ya kwenda masomo, hata uji kidogo. Maharagi, mboga za majani, na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao vinampa chuma na kalisi.

LUPANGO NA BARABARA

Udongo mtupu ndio mama wa vumbi. Panda majani mafupi mbele ya nyumba, ao tandaza changarawe ya mtoni. Lakini usichukue mchanga mweusi ao mawe ya taka ya kiwanda kwa kufanya sakafu, tofali, ao njia, hata kama yanapatikana bure. Unaleta mgodi mlangoni. Upande wa barabara panda ua mnene na miti ya maembe. Majani yake yanakamata vumbi nyingi. Maji ya kusuuzia vyombo yasitupwe bure. Nyunyiza nayo mbele ya mlango saa ile makamyoni yanapita kwa wingi.

Lakini nyumba haiwezi kila kitu. Mama mmoja na ndoo yake hatashinda makamyoni mamia kwa siku. Hapo tunapaswa kusema pamoja. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka wa 2018 inaomba kampuni ya mgodi inayotoa madini itenge angalau 0,3 kwa mia ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu, na ikubaliane nao kwa maandishi juu ya kazi zitakazofanywa. Basi wakubwa wa mtaa, walimu, wamama wa kanisa, na vijana waandike barua moja, kwa adabu: barabara inyunyiziwe maji asubuhi na jioni, makamyoni yafunikwe na yapunguze mwendo mbele ya masomo na hopitali. Barua ya mtu mmoja inapotea mezani. Barua yenye majina mia mbili haipotei kwa upesi.

Tusome Nehemia sura ya 3. Ukuta wa Yerusalema haukujengwa na fundi mmoja mkubwa. Wengi walitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba zao, na mmoja wao, Shalumu, alifanya kazi hiyo pamoja na binti zake. Vita ya vumbi ni namna hiyo. Na wewe unayesema kwamba mambo ya nyumba si ya kanisa, soma Walawi sura ya 14. Kuhani alitumwa kutazama kuta za nyumba yenye ugonjwa, vyombo vikatolewa, udongo wa kuta ukakwanguliwa na kutupwa inje ya mji. Mungu hakuona haya kusema juu ya kuta na udongo.

KWA VIJANA

Ninyi vijana, sheria inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, na kuosha mawe ni kazi ya mgodi. Feza ile ya siku moja inaonekana tamu, lakini mapafu hayanunuliwi soko. Nyumbani mnaweza kufanya mengi: kutengeneza ubao wa viatu, kuchota ndoo ya baba mbele ajafika, kuwafundisha wadogo kunawa. Mwenye kaka ao yaya mgodini amwambie kwamba kitambaa puani kinazuia vumbi nene tu. Lile jembamba linapita. Maski ya kweli na mawe yaliyoloweshwa mbele ya kupondwa, hivyo ndivyo vinasaidia.

Mtoto akikohoa wiki mbili ao zaidi, akikonda, ao akikawia kukua, apelekwe kwa munganga mapema. Mwambieni munganga kazi ya baba na mahali mnapokaa. Neno hilo moja linaweza kumfungua macho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu vumbi linaingia zaidi kwa mlango gani: nguo, gunia, ufagio, ao barabara?
2. Baba anaweza kubadili nguo wapi? Nani atatengeneza mahali hapo, na siku gani?
3. Mtoto wetu mdogo anacheza wapi kila siku? Chini yake kuna nini?
4. Kuna mtu katika jamaa tuliyemshitaki ulozi juu ya ugonjwa wa mtoto? Tutamwendea namna gani kuomba amani?
5. Mtaani petu, nani atashika kalamu kuandika ile barua?

Usingoje kiangazi kijacho. Chagua mlango mmoja na kuufunga wiki hii. Wiki ijayo funga wa pili.